Kiraka cha Anfal Ukutani kwa Ami Humoud

Humoud alikuwa hachoki kumtangaza Anfal, binti wa kaka yake. Mteja akiingia dukani kwake Kariakoo kununua madera, kabla hajatajiwa bei ameshaambiwa kwamba ng'ambo ya ukuta, kwenye shimo la ghorofa za chini za jengo jipya, yupo injinia wa familia. Injinia mwenyewe ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, yuko fildi kujifunza kazi, lakini nani angembishia mwenye duka?

Kazi ya Anfal ilikuwa ndogo ila nzito. Ukuta wa duka la ami yake ulikuwa na ufa, naye akabandika juu yake, upande wa dukani, kiraka chembamba cha simenti nyeupe. Kiraka kikikatika, ujue ukuta unasogea, na vibarua waliokuwa wakichimba chini yake watolewe. Kila asubuhi alikikuta kizima. Alimwambia hivyo Bryson, msimamizi wake, na shimo likazidi kwenda chini.

Jumatatu moja aliwahi, ami yake ndiyo kwanza anafungua. Kiraka kilikuwa kimekatika katikati. Anfal akakisogelea. Kabla hajageuka, Humoud akachomoa kopo la simenti nyeupe chini ya kaunta.

"Usihangaike, mwanangu. Nakuzibia kabla bosi wako hajaona. Kinakatika kila mara, mie nakirudishia tu. Mkono wako utazoea."

Anfal alitaka kumpigia kelele, alitaka kumkumbatia, akatoka mbio. Alimkuta Bryson ukingoni mwa shimo, akamwambia kwamba taarifa zake zote zilikuwa za uongo, bila yeye kujua. Chini vibarua walikuwa wameshaanza kazi. Bryson alimtazama kwa hasira ya mtu anayeogopa, kisha akaanza kupiga filimbi kuwaita vibarua wapande juu.

Kumtoa Humoud ndiyo ilikuwa shughuli. Alisema ana wateja kutoka Komoro, hawezi kuwafungia mlango, na watu wataona kazi ya mwanawe ni mbovu. Anfal akamshika mkono, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mkubwa wake.

"Ami, kazi yangu haina ubovu. Ukuta wako ndio unaanguka."

Akamvuta mpaka ng'ambo ya barabara, wateja nyuma yao. Asubuhi haijaisha, ukuta ukainama na kuporomokea shimoni pamoja na madera yote. Vumbi lilipotulia, watu wote walikuwa juu, wazima, wakikohoa.

Bryson alitaka kujua jambo moja kwa ajili ya taarifa yake. Anfal akamgeukia ami yake.

"Kilianza kukatika lini?"

Humoud alikuwa akilitazama shimo, pale lilipokuwa duka lake.

"Kesho yake tu baada ya kukibandika. Sikutaka uaibike, mwanangu."

Anfal akawatazama mmoja mmoja vibarua waliochimba chini ya ukuta ule siku zote hizo, akakaa palepale barabarani.