Upande wa Kushoto wa Mama

Siku chache baada ya kutoka hospitali, mama alilalamika kwamba tunamnyima chakula.

"Juu ya nini munanipatia pondu kidogo hivi?"

Nikatazama sahani ya wali na yale majani ya muhogo. Upande wa kulia alikuwa amemaliza kabisa. Upande wa kushoto, chakula hakijaguswa. Nilipoizungusha sahani, alifurahi kama mtu aliyeongezewa.

Mama alikuwa msusi wa nywele, na kiharusi kilimpata sokoni Mangobo akiwa kazini. Mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kupata nguvu, lakini chochote kilichokuwa upande huo, kwake hakikuwepo. Tonton, mdogo wake baba, alikuja kutoka Yanonge kumwona, akakaa kushoto kwake, akasalimia. Mama alitazama mlango tu, kulia kwake. Tonton akaondoka amenuna.

Kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyemhudumia, ndiye aliyetufumbua macho.

"Macho ya mama inaona muzuri," alisema. "Ni njia za ndani ya ubongo ndiyo zilikatika. Donc, ni kusema, habari ya kushoto haimufikie. Mukae upande ule, mumuite toka kule. Asipogeuka, mungoje."

Nikamfunga mama kipande cha kitenge chekundu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Kila asubuhi nilikaa upande huo na kumwita: "Mama, tafuta chekundu." Kichwa kilikuja polepole. Siku nyingine alikasirika, akakataa.

Alasiri moja akaniambia, "Kuja nikusuke."

Nilikaa chini, kati ya magoti yake. Vidole vilikuwa vizito, lakini vilikumbuka kazi. Aliposema amemaliza, nikajipapasa. Kulia mistari ilinyooka. Kushoto nywele zilisimama vilevile.

"Mama, ingine imebakia."

"Wapi?"

Nikauchukua mkono wake, nikauweka pale. Akapapasa mpaka sikioni, na nikasikia pumzi yake ikibadilika.

"Kumbe kichwa yako inafika mpaka huku," alisema, akalia kidogo. Kisha akachukua kitana.

Tangu siku ile, kabla ya kumwachia mtu, hupitisha kiganja kutoka sikio hadi sikio. Majirani wameanza kurudi kusukwa. Juzi mteja alikuwa tayari ameinuka, ameridhika na alichokiona kwenye kioo, mama akamshika bega.

"Kaa kwanza. Ule mustari wa kushoto umepinda."

Akaufumua, akausuka upya.