Kinga Yangu ya Zebaki

Binti yangu mkubwa, akiwa na mimba yake ya kwanza, alirudi kwangu Geita kutoka kwa mumewe Kagongwa, maana kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake mzaa mama. Nilimpokea kwa mbwembwe. Kuku alichinjwa, na kwenye rafu ya jikoni nikapanga chupa za vidonge, moja yangu, moja yake.

Mimi hununua dhahabu kidogo kidogo kwa wachimbaji, ile iliyoshikana na zebaki, kisha naichoma kwenye jiko la mkaa mpaka zebaki iishe yote kwa moshi. Naichomea jikoni, mlango umefungwa. Kuchomea nje ni kuwatangazia majirani kwamba leo kuna kitu. Mikono ilipoanza kunitetemeka, nikawa namwaga chai mbele za watu, nilisingizia uzee. Ndipo muuza vidonge mmoja akaniambia vya kwake vina vitamini na madini ya seleniamu, na vinalinda ubongo dhidi ya zebaki. Nilimwamini palepale. Mtu akikuruhusu uendelee na unachokipenda, utamkatalia vipi?

Binti yangu aliisoma chupa, akalitazama jiko, akaitazama na sufuria ya uji.

"Mama, unachomea humuhumu?"

"Nachomea, lakini nina kinga. Na wewe nimekununulia yako."

"Kliniki wametuambia moshi wa zebaki unamfikia mtoto tumboni, unamharibia ubongo. Vidonge hawakutaja. Wamesema tuukimbie."

"Hao wa kliniki wamewahi kuchoma dhahabu?" nilimuuliza, tena kwa sauti ya msomi. Bakuli nililokuwa nampa likanitetemeka mkononi, uji ukamwagikia kanga yake.

Alifunga begi. "Nakuheshimu, mama, ila huyu wa tumboni simlazi humu." Nilimsindikiza hadi barabarani nimenuna, nikarudi kumeza na vidonge vyake, visije vikapotea bure.

Mjukuu wangu amezaliwa Kagongwa, akapokewa na bibi yake wa upande wa pili. Nimeumia, sitaki kujifanya. Jana walinipigia simu ya video nimwone. Nilimwimbia, simu mkononi, nikalia, lakini sura yake sikuipata vizuri, maana picha ilikuwa inacheza tu.

"Jamani, si muishike hiyo simu itulie!" nikawafokea.

Binti yangu akanijibu kwa upole.

"Mama, huku simu tumeiegemeza ukutani."