Farasi Niliyemchagulia Baba

Harufu ya gazeti lililolowa mvua, ndani ya basi la kwenda mtaa wa Lewisham, hunirudisha katikati ya magoti ya baba. Alinibana hapo asubuhi ya mbio kubwa za farasi, akakunjua gazeti mbele yangu.

"Chagua, mwanangu. Mkono wa mtoto hauna kisirani."

"Usimtwike mtoto kamari yako," mama alisema kutoka jikoni. "Hiyo ni pesa ya kodi ya nyumba."

Niligusa jina la farasi mmoja, kisha mchana kutwa nikaomba kimoyomoyo ashinde, tusije tukafukuzwa.

Akashinda. Baba alinirusha juu, akanidaka, akacheka.

"Jumamosi ijayo tena, eh?"

Nilikubali, kwa sababu bado alikuwa amenishika juu na miguu yangu haikugusa chini.