Gari Jeusi Halifutwi Kavu

Kabera alikuwa amewavunja watu mataya mawili na mkono mmoja kabla hajafikisha miaka sitini, na bado ndiye pekee aliyeaminiwa magari meusi pale kinamba. Kinamba ndiko magari yanakooshewa. Hiki kiko karibu na mpaka wa Goma, kwenye mteremko wa kwenda Rubona: pampu moja, sakafu ya saruji, paa la mabati upande wa ziwa.

Alizaliwa Bugeshi, juu kwenye viazi na baridi. Baba yake alimpiga kwa mpini wa jembe. Akakua, akamrudishia mwenyewe mapigo kwa mpini ule ule, akashuka mjini siku hiyo hiyo. Kwanza alipakia kreti za bia, akafukuzwa kwa kumtupa msimamizi mtaroni. Ndipo akashika ndoo na kitambaa.

Ufundi wa gari jeusi alifundishwa kwa mkanda. Dereva mmoja alivuka mpaka kutoka Goma, akaliacha gari kivulini, na Kabera akaipangusa boneti kwa kitambaa kikavu. Lakini vumbi la Goma si vumbi. Ni mawe ya volkano yaliyosagwa na matairi, makali kama chupa iliyovunjika, tena meusi. Kwenye gari jeupe utaliona. Kwenye jeusi huoni kitu, unadhani gari ni safi, unafuta. Jua lilipotoka boneti nzima ilikuwa imejaa mikwaruzo kama utando wa buibui. Dereva akavua mkanda, akaihesabu mikwaruzo mmoja mmoja mgongoni kwa Kabera. Kabera hakunyanyua mkono. Ndiyo mara pekee maishani mwake, na mwenyewe alisema alistahili.

Tangu hapo akawa na njia yake. Gari kivulini. Maji matupu kwanza, kutoka paani hadi chini, mkono usiguse kitu mpaka yanayotiririka yawe hayana mchanga. Kisha ndoo mbili, moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Magurudumu yana ndoo yao. Mkono unakwenda moja kwa moja, hauzunguki. Kitambaa kikianguka chini, kimekufa. Hakirudi kwenye gari hata ukikisuuza mara kumi.

Wenzake walikuwa na desturi nyingine. Gari likiingia, anayetupa kitambaa chake kwanza juu ya boneti ndiye mwenye kazi. Wanaume sita walikimbia pamoja, viwiko vikapasua midomo. Kabera hakutupa kitambaa juu ya gari jeusi. Aliweka kiganja kwenye tairi la mbele, akawatazama. Ilitosha.

Donatha, mke wake, alikufa mwezi wa pili. Walikuwa wamekaa pamoja miaka thelathini na minne. Kila jioni alimshika mkono mumewe, akaangalia vifundo vya vidole, na akikuta ngozi imechubuka hampi chakula mpaka aseme amempiga nani. Sasa hapakuwa na wa kuuliza. Ndani ya miezi mitatu Kabera aliangusha watu wanne. Wa mwisho alikuwa Gad, mwoshaji mwenzake: Kabera alimpiga mpaka akazimia kando ya pampu, wakammwagia maji ya magari ndipo akafumbua macho. Denyse, mwenye kinamba, alimwita Kabera akamwambia bila kupandisha sauti: ngumi moja zaidi, kwa mtu yeyote, kwa sababu yoyote, na asirudi tena. Kabera akaitikia. Nyumbani palikuwa na kitanda na ukuta. Kinamba ndicho alichobakiwa nacho.

Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, likaingia gari jeusi la Théoneste, mfanyabiashara anayevuka mpaka kila siku. Lilikuwa limelala Goma. Saa sita lilitakiwa kumbeba bibi arusi, binti yake mwenyewe.

Kabera alibakiwa na hatua mbili kulifikia tairi. Mucyo akamtangulia. Alikuwa mwoshaji mwenzake wa miaka thelathini, mabega kama mlango. Kitambaa chake kikatua katikati ya boneti, kikavu.

Kabera akamwambia akinyanyue polepole, asikivute, gari limetoka Goma.

"We muzee," Mucyo akasema, akiwageukia wenzake, "bibi yako alikufa, sasa unataka kuoa voiture, gari za watu?"

Wakacheka. Ngumi ya Kabera ikajifunga. Akamtazama Denyse, aliyekuwa amesimama mlangoni pa ofisi. Ngumi ikajifungua.

Mucyo aliona yote mawili, akajua mzee amefungwa kamba. Akaukandamiza mkono juu ya kitambaa, akakivuta kutoka kwenye kioo hadi kwenye taa, taratibu, huku akimwangalia Kabera machoni.

"Ona sasa. Iko safi."

Théoneste alikuwa kwenye simu. Aliisikia ile sauti ya mchanga, akakata simu, akainama juu ya boneti. Mistari myeupe ilikuwa imelala pale, upana wa kiganja. Akafungua buti, akatoa spana ya magurudumu.

Pigo la kwanza lilimpata Mucyo begani, mkono ukaning'inia. La pili gotini. Akaanguka kwenye povu. Wenzake waliokuwa wakicheka wakarudi nyuma hadi ukutani. Mucyo akajaribu kutambaa chini ya gari. Théoneste akamvuta kwa mguu, akamkanyaga shingo, akainua chuma juu ya kichwa chake.

"Patron, acha," Kabera akasema. "Mikwaruzo mi naweza kuitoa. Kichwa ya mutu hakuna mwenye kuitengeneza."

"Toka, muzee, ama ninaanza na we."

Chuma kikapanda tena. Kabera akapiga. Ngumi ilimkuta Théoneste chini ya sikio, akayumba, spana ikalia kwenye saruji. Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Ngumi ya pili haikuhitajika. Kabera aliitoa hata hivyo, kwa nguvu zote za miezi mitatu, na mdomo wa Théoneste ukapasuka, damu ikaruka mpaka kwenye mlango wa gari. Denyse aliziona zote mbili.

Gad alimpandisha Mucyo kwenye pikipiki, akamkimbiza hospitali. Denyse akaja, akasimama mbele ya Kabera.

"Toka," akamwambia.

Théoneste alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatema damu. Akauliza ni saa ngapi. Wakamwambia ni saa nne kasoro. Akawaangalia wale wa ukutani, mmoja mmoja.

"Amalize kwanza," akasema. "Nani mwingine ataigusa? Hawa?"

Kabera akafunga mkono uliopasuka ndani ya mfuko wa nailoni ili damu isidondoke kwenye rangi. Akamwaga maji, mengi, bila kugusa. Akaosha kutoka paani. Damu ya mlangoni aliiondoa kwa maji matupu. Kisha akachukua pamba na polishi kidogo kama punje ya mahindi, akaifuata mistari ya boneti mmoja mmoja, mbele na nyuma, mpaka pamba ikapata moto. Mingi ikaondoka. Mmoja ulikuwa mrefu na wa ndani, ukabaki. Wakati wa kukausha hakusugua. Alitandaza taulo juu ya maji, akaliacha linywe, akalinyanyua.

Akamwonyesha Théoneste ule mstari uliobaki, kwa kidole, bila kuugusa. Théoneste akainama, akautazama. Mdomo ulikuwa umevimba, maneno yalitoka kwa shida.

"Isingekuwa arusi, ningekuua leo."

"Najua, patron."

Gari likapanda kuelekea mjini, jeusi, mawingu yakipita juu yake.

"Jumatatu?" Kabera akamuuliza Denyse.

"Hapana."

Buti za mpira zilikuwa za kinamba. Akazivua, akaziegemeza ukutani, akapanda mteremko miguu mitupu.