Mdomo wa Mwalimu

Wembe, kama tunavyomwita kinyozi wa hospitali yetu, amenyoa watu miaka thelathini, na tangu nimjue sijawahi kumsikia akikubali kwamba kuna mtu anajua jambo kuliko yeye. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanaume. Kazi yangu ya pili, isiyoandikwa popote, ni kumvumilia. Huja Jumatatu na Alhamisi asubuhi na kibegi chake, huwachekesha waliotoka kupasuliwa mpaka wanashika matumbo wakimwomba anyamaze.

Kitanda cha mwisho kilikuwa cha Mwalimu. Gari lilimgonga, na mwaka na nusu alilala macho wazi, hasemi, hageuki, analishwa kwa mrija wa tumboni. Madaktari walimchoma sindano, wakammulika, wakamwita kwa jina, wakasema hayupo. Mama yake hakutaka makubwa, dalili moja tu. Mwishowe akachoka, akasema Ijumaa ataweka sahihi, mrija utolewe.

Jumatatu ya wiki hiyo Wembe akaniita pembeni. Kila mwanaume, akasema, akinyolewa sharubu huuvuta chini mdomo wa juu, akaukaza kwenye meno ili wembe upite. Mwalimu naye huvuta. Nikamwambia aache uzushi. Akanionyesha: wembe haujagusa ngozi, mdomo ukashuka wenyewe. Nywele zilinisimama, nasema kweli. Nikamwita daktari, naye akatazama, akasema mwili una mazoea yake, kama goti linavyoruka likigongwa, na tusimchanganye mama wa watu. Nilishusha pumzi, Mungu anisamehe. Mwaka mzima nilikuwa nalalamika juu ya kitanda kile kana kwamba kimelaliwa na gunia.

Alhamisi Wembe akarudi na ubishi wake. Goti, alisema, halijui kukataa. Akampaka Mwalimu povu, akamwinamia sikioni.

"Mwalimu, kesho mama anaweka sahihi uachiwe uende. Ukitaka tumzuie, vuta mdomo kama siku zote. Ukitaka kwenda, usivute."

Akasogeza wembe. Mdomo haukushuka. Akausogeza tena, mdomo ukabaki vilevile, umelegea. Nikasema labda leo mwili umechoka tu, tumwache. Wembe, mtu yule asiyeishiwa maneno, alikuwa analia.

"Sawa, ndugu yangu," akasema. "Nimekusikia. Sasa niache nimalizie kazi."

Mdomo ukashuka, ukajikaza vizuri kwenye meno.

Nikakaa sakafuni na sare yangu nyeupe. Tukimwambia mama, atajua mwanawe yumo mle ndani, na hatamwachia kamwe. Tukinyamaza, tunamwacha mtu mwenye akili zake timamu afe kwa njaa. Tulikuwa bado tunatazamana mama alipoingia, akauliza swali lake la kila siku, kama kuna chochote. Wembe akageukia sinki, akaanza kuosha brashi.

"Hapana, mama," nikasema. "Hakuna."

Mrija ulitolewa Ijumaa, na kufa kwake kulichukua siku tisa. Wembe hakukanyaga tena wodini. Mimi nilikuwa na zamu zangu, na kila zamu nililoweka pamba kwenye maji nikamlowesha midomo, huku natazama pembeni, kwa sababu sikuthubutu kumuuliza kama amebadili mawazo.