Kidole Kilichoitwa Mgeni

Majirani walimpa jina la Trekta. Akiingia shambani alfajiri, jua likipanda unakuta eneo zima limegeuzwa, na wao bado wanaulizana jembe liko wapi. Ana mashamba mawili, la juu la maharage na la chini la mahindi, na tangu mumewe afariki anayalima peke yake.

Msimu uliopita mahindi yalimwangusha. Alikosa mbolea, akavuna magunzi. Mwanawe, fundi umeme mjini, akaja na hakuzunguka mbuyu.

"Mama, ukikosa ruzuku ya serikali mwaka huu, shamba la chini tunalikodisha, unahamia kwangu. Chumba chako tayari nimekipaka rangi."

Alisema kwa upendo, ndiyo maana ikauma. Trekta hakutaka chumba. Alitaka mbolea.

Ruzuku siku hizi haitolewi kwa kuitana majina. Mkulima huandikishwa kwa alama za vidole, kisha hela inaingia kwenye simu. Trekta akaenda ofisi ya kilimo, akakaa kwenye benchi nyuma ya mwenye duka, bwana ambaye shambani kwake huenda kama anayemtazama mgonjwa: mara chache, na viatu safi. Mwenye duka akagusa kioo cha mashine mara moja tu, taa ya kijani ikawaka.

Trekta akaweka dole gumba. Nyekundu. Akaweka kingine, nyekundu. Karani akafuta kioo kwa mkono wa shati, wakahamia mkono wa kushoto, mambo yakawa yale yale.

"Mama, vidole vyako havina mistari. Imelika."

"Imeliwa na mpini, baba. Si ndiyo kulima kwenyewe?"

"Mimi najua. Mashine ndiyo haijui. Pumzisha mikono, ipake mafuta, urudi Ijumaa. Ijumaa ndiyo mwisho."

Akarudi nyumbani, akakaa kitako, mikono imelala mapajani inang'aa mafuta. Majirani wakipita wanauliza, "Vipi, Trekta limeishiwa dizeli?" Akavumilia siku ya kwanza na ya pili. Ya tatu akaenda kuyaangalia maharage tu, akaona magugu, akainama ang'oe mawili matatu. Aliinuka giza linaingia. Mazoea yana taabu.

Ijumaa mashine ikamkataa tena, kidole baada ya kidole. Trekta alihisi machozi yanamlenga, akaanza kukiona kile chumba, na dirisha lake linalotazama ukuta wa jirani.

"Na hicho je?" karani akauliza.

Alikuwa anatazama ncha ya mtandio, pale Trekta alipozoea kuficha kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kilivunjika akiwa mtoto, mlango ulimbana, kikaunga vibaya na tangu hapo hakikunjiki. Wenzake wanne wakishika mpini, chenyewe kinabaki kimesimama pembeni. Mama yake alikiita Mgeni. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alikuwa akisema, "lakini huyu wetu siku ya tatu haimfikii!" Nyumba nzima inacheka, na Trekta anakificha.

Akakitoa kwa aibu, akakiweka juu ya kioo. Kijani.

"Tayari, mama. Umeandikishwa."

Trekta akakigeuza kile kidole, laini kama cha binti wa juzi.

"Tisa vimelima maisha yangu yote, havijulikani. Mvivu huyu ndiye mkulima!"

Benchi zima likaangua kicheko. Mwenye duka, aliyekuwa amerudi kuulizia hela yake, naye alicheka, ila kidogo.

Nje ya ofisi akampigia mwanawe simu.

"Wamekuandika, mama?"

"Wameniandika."

"Basi nimefurahi. Na chumba?"

"Kitunze, mwanangu, kisiingie panya. Nikivuna nitakuletea magunia, mtayaweka humo."