Injini Iliyonyimwa Maji

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, mifereji ya maji ya mtaa wetu wa Gatwekera, Nairobi, ikiwa imekauka wiki ya pili na foleni ya mitungi imefika hadi njia ya reli. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na kibanda cha mabati nilimotengenezea jenereta na mashine za kusaga unga. Nilikuwa pia na kiburi ambacho hakikutosha mle kibandani.

Wiki hiyo basi la kutoka ziwani lilimletea shangazi yangu Sabina, dada ya baba, injini ya boti iliyofungwa kwa gunia. Shangazi aliuza samaki katika soko la Kawangware, na samaki hao walivuliwa na mwanawe Ochieng kwa boti aliloliacha marehemu mumewe. Injini ilikuwa na miaka tisa kazini na sasa imeanza kukohoa. Bila hiyo, boti lingelala mchangani na meza ya shangazi ingebaki tupu. Angeweza kumtafuta fundi wa injini za boti, lakini alinipa mimi, mtoto wa kaka yake.

Nilifungua kabureta, nikaisafisha, nikaifunga. Kazi hiyo niliifanya vizuri, nisijinyime sifa. Kasoro ilikuja wakati wa kujaribu. Injini ya boti hujaribiwa ikiwa imetumbukizwa kwenye pipa la maji, maana hunywa maji ili ipoe. Hilo nililisikia zamani. Lakini pipa ni mitungi kumi, nami ningewaambia nini akina mama waliopanga foleni tangu alfajiri, kwamba natafuta mitungi kumi ya kunywesha chuma? Nikajiambia jenereta zangu zote hupoa kwa upepo na hakuna iliyowahi kulalamika. Nikaifunga injini kwenye benchi, nikavuta kamba.

Iliwaka, mwanangu. Ilinguruma mpaka mabati ya jirani yakatetemeka, na watu wakajaa mlangoni.

"Niaje fundi, hiyo ni ndege ama?" kijana mmoja akauliza.

Badala ya kuizima, nikaiongezea moto ili asikie vizuri. Hazikupita dakika mbili nikanusa mpira unaoungua. Nikazima upesi, nikawaambia watu ni harufu ya kawaida, nikairudisha ndani ya gunia lake. Moyoni nilijua si ya kawaida.

Saa saba mchana nikaifikisha Kawangware kwa mkokoteni. Shangazi alikuwa amenipikia ngege mzima, mkubwa kuliko sahani, na ugali ukifuka moshi. Aliuliza swali moja tu.

"Na ilikojoa?"

Watu wa ziwani husema hivyo. Maji yanayonywewa na injini hutoka ubavuni kwa mchirizi mwembamba, na mchirizi huo ukiuona unajua inapoa. Usipouona, zima.

"Ilikojoa, Anti. Sawasawa."

Uongo huo ulitoka laini kuliko ukweli wowote niliowahi kuusema. Shangazi akacheka kwa furaha, akanisogezea kichwa cha samaki, sehemu anayoipenda mwenyewe.

"Basi kesho inapanda basi," akasema. "Jumatatu Ochieng ako nayo ndani, yeye na wenzake watatu. Nimekuwa nikilala vibaya, Ouma. Hiyo maji haina huruma."

Nikatafuna mara mbili. Ochieng na mimi tulilala mkeka mmoja utotoni. Nikamwona katikati ya ziwa, nchi kavu haionekani, injini imenyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa mficha maradhi nilikuwa mimi, na kifo kingemwendea Ochieng. Nikarudisha tonge sahanini.

"Anti," nikasema, "haikukojoa. Niliiwasha bila maji."

Nilingoja matusi. Shangazi akaivuta sahani upande wake.

"Huyu samaki utamla injini ikikojoa," akasema. "Amka twende."

Alinipeleka kwa Mzee Wafula, ambaye karakana yake ilikuwa nyuma ya soko. Mzee alikuwa ametengeneza injini za boti miaka mingi kabla ya kuhamia Nairobi. Alifungua mguu wa injini, akatoa kigurudumu cha mpira kinachovuta maji. Mabawa yake yote yalikuwa yameyeyuka, kimebaki kama andazi lililoungua.

"Kijana, nani alikufundisha hii kazi?"

"Nilijifundisha mwenyewe, Mzee."

"Inaonekana," akasema. "Ungeongeza dakika zingine, saa hii tungekuwa tunaiuzia watu wa vyuma kuukuu. Kuuliza kungekuumiza wapi?"

Akanikabidhi mitungi miwili na kunionyesha pipa tupu. Bomba lenye maji lilikuwa mbali, foleni ilikuwa ndefu, na akina mama walipojua maji ni ya injini walinicheka hadi wakanionea huruma na kunipisha. Mitungi kumi, mwanangu, kwa mabega haya. Niliporudi na wa mwisho, Mzee alikuwa ametoa mpira mpya kwenye mkebe wa maziwa ya unga na kuufunga. Akavuta kamba. Mchirizi ukatoka ubavuni, ukaruka ukingo wa pipa, ukamlowesha viatu. Shangazi akapiga makofi.

"Mzee, sasa hii itadumu miaka mingapi?"

"Ukipatia watu kama huyu, mama, mwezi moja. Lakini ikipata maji yake, oili ipimwe vizuri, na hiyo mpira ibadilishwe kabla haijaisha, itatuzika sisi wote."

Samaki nilimla akiwa amepoa, na sijawahi kula mtamu kama yule. Tangu hapo kila Desemba nilipokwenda nyumbani, niliifungua injini ile na kubadilisha mpira kwa mkono wangu. Mzee Wafula tulimzika. Shangazi Sabina naye tulimzika, na bado namkumbuka kila nionapo ngege. Desemba iliyopita Ochieng, ambaye sasa ana mvi kunishinda, alivuta kamba mara mbili. Rangi imebambuka yote, lakini ilikojoa mchirizi ulionyooka. Nilivua kofia.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu unayeshika spana leo. Chuma hakidumu kwa ugumu wake, hudumu kwa anayekikumbuka kabla hakijalia, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Na siku ukiharibu, maana utaharibu, sema kabla boti halijaingia majini, hata kama mdomo umejaa samaki. Mungu akupe mikono yenye subira na watu wa kukucheka bila kukuacha, na kila utakachokiwasha duniani kikojoe.